Habari za Goti

Basi la Yangon lilikuwa limejaa, kwa hiyo Daw Tin Hla, bibi aliyekuwa ameketi, akampakatia mwanamke aliyesimama, Ma Sabei, chombo chake cha wali. Ma Sabei alikuwa akienda kumweleza mtawa wa Kibuddha anayemfundisha alichokipata katika siku kumi za kutafakari.

“Nitamwambia nimeiona nuru. Maneno ya vitabuni nimeyakariri yote.”

“Atakurudisha mkekani, mwanangu. Mimi nilipomwambia hivyo, aliniuliza mguu wangu ulihisi nini. Wewe ulihisi nini?”

“Goti liliuma, Shangazi. Halafu maumivu yakawepo tu, hayana mwenyewe.”

“Mwambie hilohilo, latosha.”

“Thubutu! Nifunge duka siku kumi, halafu nimpelekee mtawa habari za goti?”

Basi likasimama kwenye lango la monasteri. Ma Sabei akateremka akijikaza kwa maumivu ya goti, midomo ikirudia maneno yake ya vitabuni, na Daw Tin Hla, aliyeshuka naye na chombo cha wali, akamshika kiwiko.