Mzee Isidori Masatu na Kaburi la Shomari

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemzika leo hapa Mugango, tarehe 5 Mei 1958, ni Mzee Isidori Masatu Mafuru. Wenye umri mkubwa wanakumbuka kwamba tulishamzika mara moja, mwaka 1918, hatua kumi na mbili tu kutoka hapa tuliposimama. Haukuwa uzembe wa mtu wa hapa. Karatasi ya serikali ilisema amekufa, na siku zile nani angebishana na karatasi?

Marehemu alizaliwa hapahapa Mugango, mtoto wa tatu wa Mzee Mafuru na Bibi Mbuke. Mwaka wenyewe umetupa kazi. Kitabu cha ubatizo cha misheni ya Nyegina kinasema 1897. Orodha ya wapagazi wa vita inasema 1895. Bibi Mbuke alisemaga kwamba alimzaa mwaka ule funza walipoingia miguuni mwa watu kwa mara ya kwanza, na funza hawakuacha tarehe. Familia imeshika 1897, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliupenda zaidi. Ulimpunguzia miaka miwili bila gharama.

Mwezi Machi 1917 Waingereza walikuja kuchukua vijana wa kubeba mizigo ya vita. Masatu, maana Isidori alikuwa bado hajabatizwa, alivalishwa shingoni kibati cha shaba chenye namba 6214, akavushwa kwa boti hadi Mwanza. Kutoka hapo ilikuwa miguu hadi Tabora, treni hadi Dodoma, kisha miguu tena na mzigo wa ratili hamsini kichwani kushuka Iringa. Njiani alipata rafiki, kijana wa pwani aitwaye Shomari. Shomari alikuwa mrefu, mpishi, na mdomo wake haukujua kufungwa. Alimfundisha Masatu Kiswahili cha kwao, halafu akamcheka kila alipokitumia.

Mwishoni mwa mwaka ule Masatu alishikwa na kuhara damu katika kambi ya wagonjwa karibu na Iringa. Mwezi Februari 1918 iliitwa namba ya Shomari: muda wake umekwisha, arudi nyumbani. Shomari alivua kibati chake, akamvisha Masatu, na cha Masatu akajivisha yeye.

"Mimi bado nina nyama, wewe umebaki mifupa na ulimi," alimwambia. "Toka kwa jina langu. Zamu ijayo mimi natoka kwa lako, nakuja kwenu kula hao samaki unaojisifia, tunarudishiana majina."

Waliomaliza muda walipofikishwa Dodoma kupanda treni ya pwani, Masatu alichepuka, akashika njia ya kaskazini. Alitembea miezi kumi, akilima vibarua vya chakula kila alipoishiwa nguvu. Alifika hapa Januari 1919, akakuta kaburi mbele ya nyumba ya mama yake. Akauliza ni nani amefariki. Akaambiwa: wewe.

Kwa desturi yetu, mtu aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwa mlango. Walitoboa ukuta wa nyuma, akapenya kwa magoti kama mtoto anayezaliwa, na Bibi Mbuke akampokea ndani kwa vigelegele. Masatu alikaa chini akalia mpaka watu wakashangaa furaha gani ile. Haikuwa furaha. Alikuwa ameelewa kitu ambacho hakuna mwingine pale angeweza kukielewa. Kama namba 6214 imekufa, basi Shomari amekufa. Na kule pwani watu wa Shomari wameambiwa ndugu yao amefunguliwa mzima.

Alinyamaza. Kubadilishana namba lilikuwa kosa la viboko, naye aliogopa.

Mwaka 1921 aliajiriwa tarishi wa posta kati ya Musoma na Bunda, kazi aliyoifanya kwa miguu miaka ishirini na tano. Hakujua kusoma, ila alizipima barua kwa mkono, na alipofika Kabasa alikolala aliweza kusema ipi imetoka mbali. Kila mfuko ulipofunguliwa alimuuliza karani kama kuna barua ya Shomari, maana akili ilijua amekufa lakini moyo ulikataa. Karani mmoja alichoka akamwambia, "Mzee, huyo Shomari wako hana hata mchumba?"

Katika safari hizo alimfahamu Helena Nyamburi wa Butiama. Baba mkwe aligoma. "Huyu si yule aliyezikwa? Nimwoze binti yangu marehemu?" Bibi Nyamburi akajibu, "Baba, afadhali huyu ameshamaliza kufa. Wengine wataanza nikishazoea." Walifunga ndoa Nyegina tarehe 14 Oktoba 1923, wiki moja baada ya yeye kubatizwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Dorotea, Boniphace na Gati. Kila siku ya kupika ningu, samaki wa ziwa letu, katika nyumba hiyo, kipande kimoja kiliwekwa pembeni. Watoto wakiuliza ni cha nani, waliambiwa cha mgeni. Mgeni hakuwahi kuja, na paka wa Mzee Isidori walinenepa kuliko paka wote wa Mugango.

Elimu aliipata uzeeni. Mwaka 1951 alijiunga na darasa la watu wazima, akakaa benchi moja na wakwe zake, akajifunza kusoma na kuandika kwa miezi minane. Alipewa cheti. Alikitundika juu ya kitanda, na mgeni yeyote aliyeingia kusalimia alilazimika kukisikiliza chote.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1955. Mwaka huohuo Boniphace alitaka kusawazisha lile kaburi la zamani apanue zizi.

"Baba, ni kaburi tupu. Linakula nafasi tu."

"Si tupu."

"Mna kigoda na jembe lako tu, walivyozika badala ya mwili. Ulituambia mwenyewe."

"Mna mtu," alisema Mzee. "Keti. Kamwite na Dorotea."

Ndipo alipotoa kile kibati cha Shomari, namba 3870, alichokuwa amekificha miaka thelathini na saba, akawasimulia yote. Dorotea alimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akajibu, "Nilikuwaga naogopa boma. Sasa kifua kimenitisha kuliko boma. Nitafutie kwao, mwanangu. Wanadhani aliwakimbia."

Dorotea alikipeleka kibati bomani Musoma, na karani mmoja mwenye moyo akaandika Dar es Salaam. Jibu lilifika tarehe 11 Juni 1956, mistari miwili, na Mzee akataka aisome mwenyewe kwa kidole. Namba 3870, Shomari bin Pazi, wa Bagamoyo, amefunguliwa akiwa mzima, Februari 1918. Namba 6214, Masatu bin Mafuru, wa Mugango, amefariki kwa kuhara, tarehe 9 Machi 1918. Alirudia mstari wa pili mara tatu.

"Kuhara," alisema. "Wangeniandikia hata homa."

Kisha akavua kofia, maana ilikuwa mara ya kwanza kuijua siku aliyokufa rafiki yake.

Bwana Abdulkadiri, fundi cherehani wa Kamunyonge, aliwaandikia wazee wa msikiti Bagamoyo. Mwezi Novemba lilikuja jibu la Bi. Mwanaupe binti Pazi, dada yake Shomari. Aliandika kwamba mama yao alikufa akiamini mwanawe amewatupa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha kulitaja jina la kaka yake mbele za watu. Julai 1957 alipanda treni hadi Mwanza, na meli hadi Musoma.

Mzee alikuwa ameandaa maneno siku nne. Alipomwona yote yalimtoka.

"Dada, mimi ndiye niliyetoka kwa jina la kaka yako."

Bi. Mwanaupe alimtazama juu hadi chini. "Kaka yangu na urefu wake wote akaandikwa mtu mfupi hivi?"

Mzee hakucheka. Alimpeleka kaburini. Alimwambia kwamba Bibi Mbuke alinyoa nywele pale, akalala chini siku nane, akakataa chakula.

"Alidhani ananililia mimi. Mimi nilikuwa njiani, mzima. Kilio kile kilikuwa cha Shomari."

Bi. Mwanaupe aliweka mkono juu ya mawe.

"Basi kaka alililiwa na mama," alisema.

Kesho yake Bwana Abdulkadiri na Waislamu wa Musoma walikuja wakasoma dua, na jina la Shomari bin Pazi likachongwa kwenye ubao anaouona kila mmoja wenu. Mchana palipikwa ningu. Kile kipande cha pembeni alikila Bi. Mwanaupe, akasema chumvi imezidi.

Baada ya hapo Mzee alipungua nguvu bila wasiwasi. Alilazwa hospitali ya Musoma tarehe 20 Aprili, na asubuhi ya tarehe 3 Mei 1958 aliaga dunia, Bibi Nyamburi akiwa amemshika mkono. Familia inawashukuru wauguzi waliomtunza, karani wa boma, Bwana Abdulkadiri, na darasa la watu wazima lililomwezesha kujisomea habari za kifo chake akiwa hai. Tunamshukuru Mungu kwa miaka arobaini aliyoongezewa. Sisi sote watoto na wajukuu tumetoka ndani ya miaka hiyo, na tunajua ni nani aliyeitoa.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, na dada mmoja, Bi. Mwanaupe binti Pazi wa Bagamoyo, aliyeleta simu ya maandishi jana kwamba ahesabiwe katika orodha hii.

Mzee Isidori, tumekuweka kando ya rafiki yako kama ulivyoagiza. Pumzika kwa amani. Safari hii kila mmoja amelala kwa jina lake.