Mzee Halkano na Doa la Nyinyoro

Jumatano hii, tarehe 31 Desemba 1958, Mzee Halkano Tadicha atakunja shuka lake la mwisho na kustaafu, baada ya miaka ishirini na mmoja akiwa dobi wa hospitali yetu ya misheni. Mwandishi wa maneno haya ni Dinah Komora, muuguzi wa wodi ya akina mama. Aliomba mwenyewe kuyaandika, kwa kuwa kuna jambo baina yake na mzee huyu ambalo halijasemwa sawasawa.

Mzee Halkano alikuja mwaka 1937 kutoka malishoni upande wa Garsen, kumuuguza kaka yake. Kaka akapona, akarudi kwa ng'ombe. Yeye akabaki na sabuni. Jamaa zake Waorma walimcheka mpaka wakachoka: mwanamume mzima aache ng'ombe, afue mashuka ya watu! Sisi Wapokomo nasi hatukumwacha. Tulisema anaanika mashuka kama anayehesabu ndama, na kweli, likikosekana moja alikuwa hali chakula mpaka lipatikane.

Kwa madoa ya damu hakuwa na mpinzani. Shuka lilitiwa maji baridi papo hapo, likapakwa sabuni, likasuguliwa, likatoka jeupe pe. Hata mto ulipofurika ukaingia jikoni, alifulia juu ya meza, na hakuna mgonjwa aliyelalia shuka chafu.

Damu hiyo hiyo ndiyo iliyomponza. Kanisa letu lina gauni moja la harusi, na kila bibi harusi huazimwa kwa zamu. Mzee Halkano ndiye hulifua. Juni 1952 lilirudi siku ya Jumatatu likiwa na unga wa rangi ya machungwa kifuani, wa maua ya nyinyoro aliyoyashika bibi harusi aliyetangulia. Akalifanyia kama damu: maji papo hapo, sabuni, sugua. Lo! Unga ukazama kwenye nyuzi, likabaki doa la manjano upana wa kiganja. Na Jumamosi yake zamu ilikuwa ya Dinah.

Alilivaa. Ibada nzima alishikilia maua kifuani mpaka mikono ikafa ganzi, watu wakasema bibi harusi ana haya. Mzee Halkano alikuja mara tatu kumwomba radhi. Dinah alimjibu kwamba si kitu. Ukweli ni kwamba alikuwa na hasira, tena hasira ya muda mrefu.

Mzee hakujitetea. Alikata shuka kuukuu vipande, akavipaka unga wa nyinyoro, akajaribu wiki baada ya wiki. Leo sote tunaijua njia yake. Usitie maji, usisugue. Acha unga ukauke, ukung'ute, mabaki uyabandue kwa plasta ya vidonda, ukiinua taratibu kama unayemtoa ng'ombe kupe bila kumminya. Kikibaki kivuli, gusagusa kwa spiriti, fua kwa maji baridi, kisha anika juani. Gauni lenyewe lilikaa juani karibu mwezi mzima kabla ya kurudia weupe wake. Tangu hapo mabibi harusi kumi na wanane wamelivaa, na hakuna hata mmoja aliyelazimika kuficha kitu.

Lakini mpaka leo, mzee akikutana na Dinah njiani, hushuka kando kumpisha, macho chini. Miaka sita na nusu mtu mwema anatembea hivyo, kwa sababu aliambiwa si kitu na mtu asiyemaanisha.

Kosa hilo ni langu, Mzee Halkano, si lako. Nilikasirika, kisha nikakusamehe zamani, ila nikaona aibu kukuambia. Sasa nasema mbele ya watu wote: nimekusamehe, nawe unisamehe. Hospitali nzima inakushukuru. Mungu akupe afya, na malisho yasikauke huko uendako. Ila Alhamisi, kabla hujapanda mtumbwi wa kuvuka mto, pita kwetu. Mume wangu Godhana amefunga mbuzi uani, na hatumgusi mpaka uje umchinje kwa mkono wako mwenyewe, kwa Bismillahi yako, ule kwetu Wakristo bila wasiwasi.