Twiga na Cheti cha Mdogo Wake

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja na kamera, karatasi yenye picha za rangi mliyogawiwa pale getini imeandikwa na meneja wa kampuni ya marehemu, bwana ambaye kwa miezi kumi ya mwisho ya ugonjwa alifika wodini mara mbili, zote akiwa na fomu za kusainiwa, na kwa kuwa jua ni kali familia inaomba mjipepee nayo, maana hakuna kazi nyingine itakayoifanya vizuri. Historia inayosomwa sasa imeandikwa na mdogo wake marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, fundi cherehani, naye ndiye aliyesimama hapa kuisoma.

Marehemu, ambaye karibu wote mlimjua kwa jina la Twiga, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba dereva wa lori na mama mpishi wa shule. Kibao kilichosimamishwa pale kaburini kinasema alizaliwa tarehe 2 Agosti 1979. Hiyo ni siku aliyozaliwa mdogo wake, na jina lililoandikwa juu yake ni la mdogo wake, na kibali cha mazishi kina jina hilohilo, kwa hiyo kwa mujibu wa serikali anayezikwa leo ni huyu anayewasomea, ambaye asubuhi amekunywa chai na mikate miwili. Amekuja kuomba jina lake na siku yake ya kuzaliwa virudishwe kabla udongo haujamwagwa, na ili muelewe vilifikaje huko, itabidi mvumilie kidogo.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1978, akaendelea na sekondari kuanzia 1985 hadi 1988, akamaliza akiwa na alama ambazo baba yetu alizisoma mara moja, akazikunja na hakuziulizia tena, ila aliondoka na jina la Twiga, alilopewa na mwalimu wa michezo kwa sababu ya urefu wa shingo na miguu. Mwaka 1990 aliajiriwa katika duka la vitambaa, kazi yake ikiwa kujizungushia mwilini kila kitambaa kipya na kutembea kutoka kaunta hadi mlangoni ili wateja waone kinavyoanguka, na hapo, kwa ushahidi wa mwenye duka mwenyewe, aliifanya kazi kwa uaminifu kuliko kazi yoyote aliyoifanya baadaye.

Mwaka 1996 yalitangazwa mashindano ya wanamitindo kwa wasichana wa miaka kumi na saba hadi ishirini na mmoja, wakati marehemu alikuwa na ishirini na mitano kamili. Mama yetu, Mungu amrehemu naye, alifungua sanduku la bati, akatoa cheti cha kuzaliwa cha binti yake mdogo, akampa mkubwa. Mdogo alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na mwisho wa kupeleka cheti halisi ulikuwa Ijumaa tarehe 13 Septemba, yaani siku nane kabla ya mashindano, na alipolia aliambiwa na mama amwachie dada yake, kwamba akifika juu atamvuta, na kwamba wagonjwa hawaishi, mwaka ujao watakuwepo. Dada naye alimwambia aache kudeka, karatasi ni karatasi tu. Mwaka uliofuata mdogo alikwenda kuomba nakala, karani akafungua jalada, akamwambia mwenye jina hilo ana pasipoti na yuko ughaibuni, na picha yake hii hapa, na akamuuliza kwa sauti, watu wakiwa kwenye foleni, haoni aibu kujifanya mtu mwingine. Jumatatu yake akaanza kujifunza cherehani.

Kuhusu huko ughaibuni, magazeti yalitia chumvi mpaka chakula hakikulika, mara mwanamitindo wa kimataifa, mara dunia iko miguuni pake. Ukweli ni kwamba alikwenda mara mbili, kwa jumla ya miezi kumi na minne, akalala chumba kimoja na wasichana watano, na picha yake iliyosambaa zaidi kuliko zote ilikuwa ya kalenda ya matairi ya trekta. Alirudi akiwa na lafudhi ambayo hata mama yake ilimbidi aizoee.

Kuanzia mwaka 2001 hadi 2010 alicheza filamu kumi na nne, na katika kumi na moja kati ya hizo alikuwa tajiri anayempiga kofi mfanyakazi wa ndani, jambo lisilohitaji mafunzo. Hakuwahi kukariri maneno yake, yaliandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa kifuani mwa mwenzake, na ndiyo sababu mliona akiwatazama watu vifuani badala ya machoni, mkasema ana madaha. Tarehe 7 Juni 2003 alifunga ndoa na mtayarishaji wa filamu hizo, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2004, wakaachana 2009, kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake sawasawa. Binti huyo, aliyekaa mstari wa mbele, alifundishwa tangu akiwa mdogo kwamba mbele ya wageni asiseme mama, aseme sista, akatii, na mara ya kwanza alipokosea mbele ya mwandishi wa habari alinyimwa kwenda kwenye sherehe ya rafiki yake.

Mwaka 2011 marehemu alifungua kampuni ya mafuta ya uso, yanayosemekana kumrudisha mtu ujanani. Mafuta yalinunuliwa kwa pipa, yakapakuliwa kwa upawa kwenye vikopo, kwenye stoo iliyo nyuma ya gereji, na mdogo wake alikuwa miongoni mwa waliopakua, kwa hiyo anajua anachosema. Uthibitisho wa ubora wake ulikuwa uso wa marehemu na umri wa kwenye cheti, ambao ulipungua miaka minane bila kutumia hata kikopo kimoja. Mwaka 2014 likapandishwa bango kubwa kwenye mzunguko wa barabara, lenye nyuso mbili, Kabla na Baada. Baada alikuwa marehemu, amepigwa taa na kupakwa. Kabla alikuwa mdogo wake, aliyepigwa picha bila kujua, akitoka stoo ametapakaa jasho, na bango lile lilikaa miaka minne, na wateja wake wa cherehani walimwita Kabla, na mpaka leo baadhi yenu mnamwita hivyo. Alipokwenda kulalamika, dada yake alicheka, akamwambia ashukuru, sasa na yeye ni maarufu.

Ugonjwa ulianza Januari 2022, kwa damu kumtoka, na wazee mlioko hapa mtusamehe, haya ni maneno ya hospitali. Damu ikitoka kwa mwanamke ambaye hedhi ilishakoma, ni jambo la kupimwa siku hiyohiyo. Faili la marehemu lilisema ana miaka arobaini na miwili, umri ambao hedhi inaweza kuvurugika bila kitu, akapewa vidonge, akarudi kazini. Vidonge vikabadilishwa mara tatu. Tarehe 19 Januari 2023 daktari mwingine aligundua saratani ya mfuko wa uzazi, ikiwa imeshatambaa, akafanyiwa upasuaji tarehe 6 Machi, na akafariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, miezi saba na siku ishirini na sita. Mdogo wake amemwambia kila aliyempa pole kwamba dada amekufa kwa uongo wake mwenyewe, na wengi wenu mmetikisa kichwa mkakubali.

Familia inawashukuru daktari wa upasuaji na wauguzi wa wodi ya wanawake. Kwa namna ya pekee inamshukuru daktari kijana wa kliniki, aliyetoa vidonge vya kwanza, ambaye tumesikia anajilaumu hata kula hali, na amesimama kule nyuma karibu na magari. Daktari huyo aliuliza alichopaswa kuuliza, umri wako, na hedhi ya mwisho lini, akajibiwa arobaini na miwili, na mwezi uliopita, kama kawaida. Lakini chumbani mlikuwa na watu watatu. Wa tatu alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya dirisha, amempakatia dada yake mkoba, na alijua kwamba dada yake amebakiza wiki chache kutimiza hamsini na mmoja, na kwamba hedhi ilishakoma, huo ukiwa mwaka wa pili. Neno moja lingetosha. Hakuogopa kulisema, wala hakumstahi mkubwa wake. Alikaa kimya kwa sababu alikuwa anafurahi, alitaka kumtazama mwanamke mwenye majivuno yote yale akiubeba uongo wake mpaka kwenye kitanda cha daktari, na aliporudi kwenye cherehani yake alicheka peke yake. Kwa hiyo daktari aende nyumbani akale. Na ninyi mliotikisa kichwa, mlidanganywa, na aliyewadanganya ni mimi.

Tunawashukuru majirani kwa viti na maji, na wafanyakazi wa stoo waliochimba kaburi tangu alfajiri. Fundi wa kibao yuko tayari na rangi yake, anasubiri tumalize.

Pumzika kwa amani, dada, na miaka yako yote.