Bahasha Saba za Mama Yetu Breindel

Akina mama mliokaa upande huu, na wanaume mlio nyuma ya pazia, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya mama yetu Breindel Zaltzman, nasoma mimi Henya, binti yake wa pili, kwa kuwa kaka zangu wamesema humu mna maneno hawawezi kuyatamka, na nasoma huku naogopa, kwa sababu mwili wangu umeanza kunifanyia kilekile ambacho wa kwake ulianza kumfanyia.

Mama alizaliwa Bnei Brak tarehe 9 Februari 1977, akasoma shule ya wasichana hadi 1994, akaolewa na baba yetu Anshel hapa Yerusalemu tarehe 12 Juni 1996, wakajaliwa watoto sita, na tangu 1999 alisimamia birika la utakaso, ambamo mke huzama damu yake ya mwezi ikikoma ndipo mumewe aruhusiwe kumgusa tena, nusu yenu mmekaguliwa kucha na nywele na mikono ile mkiwa uchi, mkazama, akawaambia "safi", mkarudi kwa waume zenu, na siri ya mgongo wa mtu haikutoka kinywani mwake.

Dua ya kutoka chooni, ya kumshukuru Mungu kwa matundu aliyotutoboa, aliisoma taratibu, si kama wanaume wetu wanaoibwabwaja wakifunga mkanda, matundu yao hayawatii haya, haya huwashika likitajwa letu.

Aprili 2024 akaanza kuona damu isiyo ya siku zake, akafuata desturi, kitambaa cheupe chenye doa ndani ya bahasha isiyo na jina, Baba akaitumbukiza mlangoni kwa rabi mwamuzi, atazamaye rangi ya doa aseme kama mke ni safi au si safi kwa mumewe, jibu likaja kwa simu, hii rangi ya chai, ni safi, unaweza kumgusa mkeo. Miezi saba, bahasha saba, safi saba. Bingwa huyo wa kuinua vitambaa dirishani hakuuliza hata mara moja kama vyote vimetoka tumbo moja, na Baba, anayedhani aibu ndiyo dini, hakumwambia. Sheria yetu inavunja Sabato kuokoa uhai, wao aibu tu iliwashinda kuivunja.

Tarehe 5 Novemba alianguka kazini, akapelekwa hospitali, daktari akamuuliza, "Mama, damu ya miezi saba, ulikuwa wapi?"

Akajibu, "Nilikuwa safi, daktari."

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, imeshasambaa, akatutoka leo alfajiri, tarehe 3 Machi 2025, ana miaka arobaini na minane.

Shangazi Golde, naona unanipungia mkono nikae, eti kwa aibu ya maneno haya mdogo wangu hatapata mchumba, basi asipate, awe hai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu, na wenzake wa birikani, mwamuzi simshukuru.

Mimi nilijifungua miezi minne iliyopita na doa halijakoma, mume wangu anasubiri bahasha aipeleke, hatapewa, kesho tukiwa matangani, siku ambazo mfiwa hatoki nyumbani, nitatoka, niende kwa daktari yuleyule, nimtajie jina langu na tarehe zote.

Pumzika, Mama, asubuhi wanawake wenzako wamekuosha, wakakusomea, kama desturi yetu kwa maiti, sifa za mwili kutoka Maandiko, kiungo kwa kiungo, kichwa, macho, mashavu, na hakuna aliyeona haya.