Mkufunzi wa Kifundo Kilicholala

Ndugu waombolezaji, niwieni radhi, tarehe ya kuzaliwa niliyoisoma sasa hivi ni yangu, nimechomoa mfukoni fomu ya viza nikajizika mwenyewe nikiwa hai, na shemeji, mjane wa marehemu, ameshanikata jicho. Kaka yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa baba yetu seremala, mimi nikamfuata miaka mitano baadaye na kelele zangu.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1965 hadi 1971, akaishia kidato cha nne mwaka 1975, miaka miwili baadaye akaajiriwa kukata nyasi kwenye klabu ya gofu, akajifunza mchezo kwa kutazama, na mwaka 1984 akawa mkufunzi, hasa wa ile hatua ya mwisho ya kusukuma mpira shimoni, ambapo wenye misuli huumbuka. Aliwachomeka wanafunzi rula chini ya mkanda wa saa, kifundo cha mkono kikikunjika inawachoma, naye akisema, "Mheshimiwa, hiyo si jembe, legeza vidole, bega lisukume, kifundo kilale."

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji, mshonaji wa sare za klabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 mikono ilianza kumtetemeka, akaficha, akageuza mshiko, wa kushoto ukawa chini ya wa kulia ili vifundo visicheze, mbinu hiyo ikamsitiri hadi fainali ya mashindano ya klabu, tarehe 11 Septemba 2021, mpira ukiwa hatua moja tu na shimo, fimbo ikayumba, akakosa, nami niliyetoka safari jana yake nikapaza sauti mbele ya wanafunzi wake, "Kaka, unacheza gofu au unakoroga chai?" Watu wakaangua kicheko, yeye akaegemeza fimbo ukutani, asifundishe tena, na daktari alipoutaja ugonjwa wake Februari iliyofuata, mimi nilikuwa nchi nyingine nikikisimulia kichekesho kile.

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, wodi namba tatu.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomfunga marehemu vifungo vya shati wakati shemeji yuko kazini, na wafanyakazi wenzake wa klabu. Kaka, lala, mwili wako utulie.

Shemeji amenikataza kusoma kwamba tulipatana, kwa kuwa alikuwepo wodini asubuhi ile nilipomshika kaka mkono uliokuwa ukitetemeka, nikamwomba msamaha, nikamwambia basi, yaishe, naye akanijibu, "Kwako yameisha, mdogo wangu. Kwangu bado."