Farasi Mia Nne Waogopao Chumvi

Asubuhi moja ya Januari, ndani ya basi la Barabara ya Woodward, Detroit, nilitulia kama padri anayesikiliza maungamo ili nisikie vizuri. Mzee Thaddeus, ndani ya suti ya kijivu, alikuwa akimsimulia mama aliyekaa kando yake habari za gari lake la kifahari, Cadillac.

"Ina nguvu za farasi mia nne, mama. Ukikanyaga mafuta, roho inabaki nyuma."

"Na leo hao farasi wako wapi?"

"Gereji, chini ya turubai. Jiji limemwaga chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi inakula bodi!"

"Mwanangu kaenda kazini na gari letu, Lincoln, kwenye chumvi hiyohiyo."

"Ile sofa yenye magurudumu?"

Mama akageukia kiti cha nyuma, alikokaa binti mwenye shela na maua. "Na huyu?"

"Mjukuu wangu. Nilimwahidi atapanda Cadillac siku ya harusi." Mzee akakohoa. "Sikutaja mwezi."

Basi likasimama mbele ya kanisa. Binti akashuka, gauni jeupe likiburuzika kwenye chumvi. "Babu," akasema bila kugeuka, "na gauni nalo lilistahili turubai."

Mzee akaruka ngazi zote tatu za basi kwenda kuliinua. Hapo ndipo nilipoiona ile kasi iliyokuwa ikisifiwa.