Bi Muriel Tapsell na Kiwanja cha Ndani

Baada ya miaka arobaini na moja ya kufunga nyuzi za raketi katika klabu ya tenisi ya Hawkrise hapa London, Bi Muriel Tapsell anastaafu leo, tarehe 30 Septemba 1963. Kamati ilinipa mistari sita ya kumwandika, mmojawapo ukisema "alitumikia kwa utii". Nimeuacha nje, maana si kweli.

Alianza kazi mwaka 1922. Mwaka uliofuata wanawake wa Marekani na Uingereza wakaanza kushindania kombe lao, nchi mbili basi. Wazo la kombe la mataifa yote lilikuwa limeshatolewa mwaka 1919, wakubwa wakalikataa. Wanaume walikuwa na lao tangu 1900. Bi Muriel aliwafungia raketi mabinti wa miaka yote hiyo, na wengi walizeeka wakisubiri. Mimi nilipojifungua, alinitengea pembe kwenye karakana yake, mtoto akalala kati ya raketi nami nikapiga taipu.

Juni mwaka huu kombe likaja hatimaye, nchi kumi na sita. Timu moja ya wageni, mabinti watatu, ililetwa kwetu ifanye mazoezi siku moja kabla ya mechi. Mvua ilikuwa inamwagika. Kiwanja cha ndani kilikuwa kimetundikiwa vibao vinne vyeupe vya kushikia zamu, vya wanaume, na wenyewe wako baa. Kwetu kibao cha kijani cha mwanamke huondolewa na mwanamume yeyote akitaka kucheza. Cheupe hakiguswi.

"Muriel, hebu wape chai," bwana mmoja akamwambia. "Mvua itakatika."

"Chai wameshakunywa, bwana," akajibu. "Wanainywa tangu 1919."

Akavitoa vile vibao vinne, akavitia mfukoni mwa aproni, akafungua mlango. Yule bwana akauliza kama anajua anaongea na nani. Bi Muriel akamwambia anajua sana, raketi yake ameifunga mara tisa na bado mpira unakwama kwenye wavu.

Mabinti walicheza kwa muda wa saa mbili nzima. Kesho yake walishindwa, lakini baada ya kufika seti ya tatu, ya mwisho, wakipigania kila pointi.

Sasa kamati inamtaka atie saini barua ya kuomba radhi kwa "kugusa vibao vya wanachama", ndipo apewe saa ya ukutani ya kumuaga. Barua na saa vimewekwa juu ya meza moja, mbele yetu sote. Mtu ametoa miaka arobaini na moja, vidole vimepinda kwa kuvuta nyuzi, halafu mnamwekea kalamu kama mtoto aliyevunja kikombe. Hakuna aliyewaandikia barua waliokuwa baa.

Bi Muriel, ahsante kwa raketi, kwa ile pembe, na kwa zile saa mbili. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi na maisha mema. Usitie saini. Saa nyingine tumeshakununulia sisi wafanyakazi, iko jikoni, na inakwenda.

Jean Ollerton, ofisini